Unataka pikipiki ya spoti-turing (ya kwenda mbali kwa mwendo mkubwa) ya bei juu? Pima hivi kabla hujatoa hela

Kabla hata hujafungua matangazo ya kuuza jibu kwanza hili swali, kwa mwaka utakaa siku ngapi juu ya hiyo pikipiki kwa zaidi ya masaa manne? Hesabu siku ambazo kweli una likizo, una hela ya mafuta na nyumbani wanajua utakuwa haupo, zile za kutamani ziache. Maana hizi pikipiki, kuanzia BMW R 1250 RT hadi Kawasaki Ninja H2 SX, sehemu kubwa ya hela inaenda kwenye kukufikisha mbali ukiwa bado una nguvu, na kama safari zako nyingi ni nusu saa kwenda kazini na kurudi basi hicho kitu unakilipia alafu hukitumii. Kasi peke yake inapatikana kwenye pikipiki za bei ya chini kabisa ukilinganisha na hizi.

Tuanze na upepo, coz hapo ndio faida yenyewe ilipo. Mwaka 1976 BMW walitoa R 100 RS ikiwa na bodi kamili la mbele lililochongwa kwa kupimwa kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia upepo wa kupimia), na toka hapo pikipiki ya safari ndefu ya mwendo mkubwa ikawa na maana nyingine kabisa. Sababu yake ni fizikia ya kawaida tu, nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 130 umeongeza mwendo asilimia 30 ila upepo unaokusukuma kifuani umeongezeka karibu asilimia 70. Kaa na hiyo kitu masaa matano ndio utajua kwa nini shingo na mabega vinakufa kabla ya makalio.

Sasa wengi wanajaribu pikipiki kwa kuivuta gia ya pili na ya tatu alafu wanarudi wanacheka. Ukiijaribu hivo utarudi unajua injini ina nguvu, jambo ambalo ulikuwa unalijua toka kwenye karatasi. Wewe omba barabara kuu, vaa helmeti yako mwenyewe (sio ya kuazima, umbo la helmeti linabadilisha kila kitu), panda hadi mwendo utakaokuwa unatembea safari nzima, barabara ikiwa tupu inua mkono wa kushoto taratibu mbele ya uso ukipandisha juu. Kuna sehemu vidole vitakuwa vimetulia alafu ghafla vinapigwa, hapo ndio upepo unapita. Ukiwa unapita chini ya kidevu safi, ukipita juu ya helmeti safi, ila ukikugonga katikati ya helmeti kichwa kitatetemeka safari nzima na kioo cha mbele kikubwa zaidi kinaweza hata kuzidisha. Ndio maana kioo cha kupanda na kushuka kwa umeme, kama cha RT au Yamaha FJR1300, kina thamani kubwa kuliko hizo nguvu farasi za ziada. Na vyovyote utakavyonunua vaa viziba masikio, kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu inapita desibeli 100 kirahisi na masikio yakishaharibika hayarudi.

Haya, uzito. Hapa ndio pesa za watu wengi zinapotelea, coz kwenye chumba cha maonyesho pikipiki imesimama kwenye stendi, inang'aa, hakuna anayeisukuma. R 1250 RT ikiwa na mafuta ni kilo 279. K 1600 GT ya BMW yenye silinda sita ni kilo 343. Upande wa pili kuna Suzuki GSX-S1000GT kilo 226, na Kawasaki Ninja 1000SX kama 235. Ukishakuwa kwenye mwendo hizo nzito zinatulia vizuri sana, barabara mbovu kidogo huisikii, lori likikupita halikuyumbishi. Shida ni mwendo sifuri. Kwa hiyo jaribu hivi, zima injini, kaa juu, isukume kurudi nyuma kwa miguu kwenye sehemu yenye kamwinuko kadogo. Kama nyayo zinagusa kwa vidole tu na pikipiki haitaki kurudi, hiyo ndio hali utakayokuwa nayo kila ukisimama kwenye changarawe, kituo cha mafuta kilichoinama, au ukikosea njia usiku unataka kugeuza. Alafu geuza duara kamili kwenye upana wa barabara ndogo bila kushusha mguu. Ukishindwa leo unaweza kujifunza, hilo sio tatizo, ila ukiogopa hata kujaribu jiulize vizuri.

Na ujue kuinyanyua ikianguka kabla haijaanguka. Zima injini, kama imelala upande wa kulia fungua stendi ya pembeni kwanza ili usije ukaipindulia upande wa pili, zungusha usukani uishie upande ilipolalia, ipe mgongo, kalia kiti kwa makalio, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye sehemu ngumu ya nyuma, mgongo uwe umenyooka alafu tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo miguu ndio isukume. Ukiivuta kwa mgongo utaumia wewe na pikipiki itabaki pale pale chini.

Kama utabeba mtu, fanya hesabu ya mzigo kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye kitabu kuna uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, kinachobaki ni chenu nyie wote na vitu vyenu. RT inaruhusiwa kilo 505, ukitoa 279 inabaki 226. Dereva na nguo zake za kujikinga 90, abiria na zake 75, zimebaki 61 za mizigo, na hapo ulizia kama uzito wa mabegi yenyewe ya pembeni umeshahesabiwa au bado. Pikipiki nyepesi zenye sura ya spoti huwa zinabana sana hapa, kiti cha nyuma kidogo, magoti ya abiria yamekunjwa, na abiria asiyekaa vizuri atafupisha safari zako zote bila kujali una injini gani. Mpeleke mwenyewe akakae, dakika tano hazitoshi, apande mkatembee.

Matunzo. Kuna cheni na kuna shafti (fimbo inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni). Cheni ni nyepesi na spea zake rahisi kupata ila kila kilomita 500 hadi 1000 unapiga mafuta, unakaza, mvua ikinyesha unarudia, ukiwa safarini na mabegi yamejaa hiyo kazi inachosha. Shafti inataka kubadilishiwa oili kwa ratiba na kuangaliwa kama haivuji, basi, ila inaongeza uzito na bei, na ikiharibika ndani bili yake sio ya mchezo. Mimi naona kama safari ni za siku nyingi mfululizo shafti inalipa, kama unatoka wikiendi tu cheni inatosha kabisaa.

Alafu soma ratiba ya sevisi, ila soma na masaa ya kazi pia. R 1250 RT inataka sevisi kila kilomita 10,000 na valvu zinaangaliwa kila 20,000, FJR1300 valvu ni hadi 42,000. Ukiangalia namba tu utasema Yamaha imeshinda, lakini RT ina injini ya boksa, silinda zake mbili zimelala na vichwa vimetokeza nje kulia na kushoto, fundi anafika haraka, wakati ya Yamaha, silinda nne za mstari, imefukiwa chini ya tanki na maplastiki, na fundi anakulipisha muda. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni "sevisi kubwa inachukua masaa mangapi na saa moja ni bei gani", na la pili, mashine ya kusoma kompyuta ya hiyo pikipiki anayo? Kama fundi mwenye nayo yuko safari ya siku nzima kutoka kwako hiyo ni hasara ya kweli, ihesabu kama hela.

Tairi pia. Nyingi zinavaa 120/70 ya inchi 17 mbele na 180/55 au 190/55 nyuma, saizi za kawaida, hazisumbui kupata. Ila pikipiki nzito inakula tairi la nyuma, tena katikati, linakuwa bapa kama ubao na ukiingia kona unasikia linakataa kulala. Kwa zile nzito tafuta tairi lililotengenezwa kwa uzito huo, mfano Michelin Road 6 ina toleo la GT. Weka tairi kwenye bajeti ya mwaka kama unavyoweka mafuta.

Elektroniki ndio sehemu ambayo bei inapaa. ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge) inayofanya kazi hata pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, hiyo lipia, usijiulize mara mbili, kwa sababu siku utakayoihitaji ni sekunde moja tu. Kruzi kontroli, ile inayoshika mwendo yenyewe, nayo lipia, kiganja cha kulia kitakushukuru. Shokapu za umeme zinazojirekebisha ni nzuri sana kama leo uko peke yako kesho una abiria na mabegi, unabonyeza kitufe tu, lakini ikifa baada ya dhamana kuisha bei yake ni mbali sana na shokapu ya kawaida. Rada ya kufuata mwendo wa gari la mbele ilianza na Ducati Multistrada V4 mwishoni mwa 2020, baadae zikafuata RT na H2 SX, inapunguza uchovu kwenye barabara zenye magari mengi, ila kwa mtu anayependa barabara za kona utakuta ameizima. Skrini kubwa ndio niiache mwisho kabisa kwenye orodha, maana baadhi zinategemea programu ya simu ili zikuonyeshe ramani, na simu zinabadilika haraka kuliko pikipiki.

Kuhusu mpya au iliyotumika, mimi niko upande wa iliyotumika miaka mitatu minne. Bei inaporomoka zaidi miaka ya mwanzo, na wenye pikipiki hizi wengi ni watu wazima wanaotunza, unakuta mabegi, kiti cha bei na sevisi zote ziko kwenye kitabu. Ila kaikague injini ikiwa baridi, mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika, ukikuta ya moto jua kuna kitu amekuwahi. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele uone kama kina oili, angalia unene wa diski za breki (kiwango cha chini kimechongwa pale pale kwenye diski), soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, na gusa sehemu plastiki zinapokamatia bodi, zikiwa zimevunjika iliwahi kulala. Namba ya fremu ipeleke kwa wakala aangalie kama kuna marekebisho ya kiwanda hayajafanyika. Hili sio la kupuuza, mwaka 2014 BMW waliwaambia wenye R 1200 RT za mwaka ule zenye shokapu za umeme waache kabisa kuziendesha hadi shokapu ya nyuma ibadilishwe, coz fimbo yake ilikuwa inaweza kukatika.

Ukimaliza yote hayo chukua karatasi ujumlishe bei, bima (pata bei yake kabla ya kununua, kwa pikipiki hizi inashangaza watu), tairi, sevisi kubwa moja, na nguo za kujikinga za kweli. Gawa kwa zile siku za safari ulizoziandika mwanzo. Kama gharama ya siku moja inakuuma, kuna Honda NT1100 au Ninja 1000SX au Yamaha Tracer 9 GT, zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo kwa hela pungufu na uzito pungufu. Kama haikuumi, kodi moja wikiendi nzima kabla ya kusaini chochote, tembea mbali, na ukisimama kila saa andika kwenye simu sehemu gani ya mwili inauma na imeanza saa ngapi, alafu nenda kwa muuzaji na hiyo orodha, maana mengine yanatibika kwa kubadilisha kiti au kupandisha usukani na mengine hayatibiki kabisa.