Kuunga enkoda ya difarensha kwenye amplifaya ya servo

Enkoda ni kifaa kinachopima mzunguko wa shafti ya mota; amplifaya ya servo ndiyo inayoisoma na kuiendesha mota. Enkoda ya difarensha hutoa kila ishara (A na B za kuhesabu, Z ya alama moja kwa kila mzunguko) kwa nyaya mbili: A+ ikipanda, A- hushuka. Amplifaya husoma tofauti iliyo kati yake, basi kelele za umeme zinazoingia nyaya zote mbili kwa pamoja hujifuta zenyewe. Lakini hujifuta tu ikiwa jozi zimepangwa sawasawa.

Zima umeme, ungoje kapasita ziishe chaji. Fuata mchoro wa pini. Rangi za nyaya hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Sokota A+ na A-, B+ na B-, Z+ na Z-, kisha volti 5 na sufuri yake. Ukisokota A+ na B+ pamoja, mota itaenda vizuri polepole, lakini ikishika kasi hesabu itapotea, nawe utalaumu enkoda bure. Wavu wa kinga ubane kwenye ardhi upande wa amplifaya, uzungushe kebo yote. Usiuache na mkia mrefu.

Kebo ndefu hula volti. Waya wa milimita 0.25 za mraba una takriban omu 0.07 kwa mita. Mita 20 kwenda na kurudi ni omu 2.8, enkoda ikivuta miliampia 150, volti 0.42 zimekwenda, imebaki 4.58. Enkoda nyingi zinataka angalau 4.75. Ongeza unene wa nyaya mbili za volti 5 na sufuri yake.

Jozi ya ishara imalizie kwa resista ya omu 120, ila kama amplifaya tayari inayo ndani usiongeze nyingine.

Kabla ya kuipa mota nguvu, washa umeme wa udhibiti peke yake na ugeuze shafti kwa mkono. Pima A+ dhidi ya A- kwenye amplifaya: volti 2 au zaidi, zikibadilika chanya na hasi. Ikibaki karibu na sufuri, waya umekatika au nyaya zimegusana. Enkoda ya mistari 2500 lazima ihesabu 10,000 kwa mzunguko mmoja, maana kila mstari huhesabiwa mara nne. Hesabu ikienda kinyume, mota ya brashi itakimbia ovyo mara tu ukiiwasha; badilishanisha A+ na A- tu. Isiyo na brashi, rekebisha mwelekeo kwenye vigezo vya amplifaya.

Kwa mashine za Shimanzi na Changamwe, huko Mombasa, chumvi ya hewa huotesha ukijani kwenye pini. Tumia plagi iliyozibwa vizuri, pini za dhahabu, na uache kebo ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo.