Jinsi ya kupeleka kesi ya mazingira mahakamani Kenya, hata kama si wewe uliyeumia

Mikoko ikikatwa nyuma ya kijiji, watu huulizana: "Nani atashtaki, na lile si shamba la mtu?" Kisheria swali hilo lilishajibiwa. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinasema anayelalamikia haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au jeraha. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 kinasema vivyo hivyo dhidi ya anayehujumu juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo. Waganda wamefika mbali zaidi: sheria yao ya mazingira ya 2019 inayapa maumbile yenyewe haki ya kuwepo na kujihuisha, na yeyote anaweza kwenda kuyasemea mahakamani. Kwetu mkoko hauandikwi kuwa mwombaji. Jina litakuwa lako.

Kabla ya kuandika chochote, uliza kama kuna leseni. Ikiwa unachopinga ni leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mlango wako ni Jopo la Kitaifa la Mazingira, na una siku 60 tangu uamuzi utolewe. Hesabu kwa kalenda, usikadirie. Tena usidhani kukata rufaa kutazima matingatinga. Omba Jopo, kwa maandishi, liamuru hali ibaki ilivyo. Mlango huo wa Jopo ndio waliopitia watu wa Lamu waliopinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo lilifuta leseni hiyo. Mikutano na wananchi ilikuwa imefanyika, lakini ile ya mwanzoni tu. Ripoti ya athari za mradi kwa mazingira ilipokuwa tayari, hakuna aliyewarudia kuwaeleza yaliyomo. Kwa hiyo tunza karatasi za mahudhurio, na uangalie sana tarehe iliyo juu yake.

Ikiwa shida yako ni pana kuliko leseni, kama moshi, sumu kwenye kisima au serikali kufumba macho, peleka ombi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyo karibu na mahali penyewe. Wajibu maombi, yaani wale unaowashtaki, hupenda kudai kwamba ulipaswa kuanzia kwingine. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa mahakama hii ina mamlaka ya kusikiliza madai ya kukiukwa kwa haki ya mazingira.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi hufia. Anza na barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016: nakala ya leseni, ripoti ya athari, barua za ukaguzi. Iandike kwa Kiswahili ukipenda, sheria inaruhusu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wakinyamaza, nakala hiyo nayo ni ushahidi. Penye sumu, tafuta vipimo vya maabara. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri walitunukiwa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na vipimo vya damu na udongo ndivyo vilivyowasemea.

Picha za simu zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki: nani alipiga, kwa simu gani, lini, na zilichapishwaje. Ni ukurasa mmoja tu, lakini wakili wa upande wa pili ataanza kwa kuutafuta huo.

Ombi lenyewe litaje kila kifungu kilichokiukwa, nani amekikiuka na kwa namna gani. Kuandika "haki zetu zimevunjwa" peke yake hakutoshi. Kanuni za 2013 za kesi za haki za kimsingi zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe, ila ukiweza fuata fomu. Ambatisha kiapo, yaani maelezo ya shahidi yaliyoandikwa na kuapiwa, kila kielelezo kiwe na namba, na usitie sahihi nyumbani. Sahihi huwekwa mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kikiandikwa Kiingereza na shahidi ni mzee asiyekisoma, lazima kiwe na maneno kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Nimeona kiapo cha mvuvi, chenye ukweli mtupu, kikitupwa nje kwa kukosa sentensi hiyo.

Kama ukataji unaendelea, weka pamoja na ombi hati ya dharura, inayoeleza kwa nini kesi isisubiri, na maombi ya amri ya muda ya kusimamisha kazi.

Faili hufunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Kifungu cha 22 cha Katiba hakiruhusu ada ya kuanzisha kesi ya haki za kimsingi, kwa hiyo mfumo ukikutoza, nenda masjala umwonyeshe karani.

Kisha wapelekee wajibu maombi nakala. Mwanasheria Mkuu na taasisi za serikali wana siku 14 za kujibu, wengine siku 7. Aliyezipeleka aape kiapo kingine kuonyesha alimkabidhi nani, wapi na saa ngapi, nacho kiingie kwenye faili kabla ya siku ya kutajwa kwa kesi.