Kilo inavuta kilo: tungamo na kani ya mvutano

Kwenye madaftari ya fizikia kuna kosa halichoki kujirudia: akitafuta kani ya mvutano kati ya vitu viwili, mwanafunzi anajumlisha tungamo zao (kilo zao) badala ya kuzizidisha. Leo tulimalize kwa mifuko ya saruji.

Hatua ya 1. Chukua mifuko miwili ya kilo 50, kitovu hadi kitovu mita 1. Usipime kutoka ukingoni. Alama nyingi hupotelea hapo.

Hatua ya 2. Hesabu jozi. Kila kilo ya mfuko wa kwanza inavuta kila kilo ya mfuko wa pili. Kilo moja ya huku inazivuta 50 za kule, na kilo za huku ziko 50, basi jozi ni 50 × 50 = 2,500. Mfuko wa pili ukifika kilo 100, jozi ni 5,000, kani mara mbili. Na wa kwanza nao ukifika 100, jozi 10,000, kani mara nne. Anayejumlisha ataambulia mara mbili tu.

Hatua ya 3. Zidisha jozi kwa G, namba isiyobadilika ya mvutano, yaani 6.67 × 10⁻¹¹, ugawe kwa umbali kipeo cha pili. Kwa jozi 2,500 inatoka nyutoni (kipimo cha kani) 1.67 × 10⁻⁷. Mbu wa miligramu 2 ana uzito unaozidi hapo mara mia na ushei! Msuguano wa sakafu unaimeza kani hiyo, ndiyo maana mifuko ghalani haisogeleani.

Hatua ya 4. Ondoa mfuko mmoja, weka dunia: kilo 5.97 × 10²⁴, umbali hadi kitovu chake mita 6.37 × 10⁶. Unapata nyutoni 490 hivi. Kuli anazijua bila kikokotoo.

MASWALI

— Mwalimu, mfuko unavutwa zaidi kuliko tofali, mbona vikiachiwa pamoja vinatua pamoja?

Kila kilo inavutwa kwa nyutoni 9.8 zilezile, iwe ya mfuko au ya tofali. Hewa tuiweke kando.

— Na mfuko unaivuta dunia kwa kiasi gani?

490 hizohizo. Jozi hazibadiliki ukianza kuhesabu upande wa pili. Ila kwa tungamo ile, dunia haishtuki.

— Kani ndogo hivyo ilipimwaje?

Mwaka 1798 Henry Cavendish, Mwingereza, alining'iniza kwa waya mwembamba ufito wenye tufe dogo la madini ya risasi kila ncha, akasogeza matufe ya kilo 158 karibu yake. Alichungulia kwa darubini jinsi ufito ulivyogeuka kwa mvutano huo, akiwa nje ya chumba, maana joto la mwili wake tu lingetikisa hewa ya ndani. Yeye alitafuta msongamano wa dunia. G ilikokotolewa baadaye kutoka vipimo vyake.