Kabla hujavuka mpaka na gari, jiangalie ulivyovaa

Watu wakijiandaa kuvuka mpaka hukagua tairi, oili na breki, kisha wanasahau kujikagua wenyewe. Nimeendesha kanta, lori dogo la mizigo, miaka mingi kati ya Kampala, Malaba kwenye mpaka wa Kenya, na Katuna, na balaa kubwa kuliko yote niliyokutana nayo njiani halikutoka kwenye injini. Lilitoka kwenye suruali.

Karatasi kwanza. Paspoti, au kitambulisho cha taifa kama wewe ni raia wa Uganda unayeenda Kenya au Rwanda. Leseni ambayo haijaisha muda, kadi ya gari, na Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Gari la mtu? Beba barua ya mwenyewe. Pembetatu mbili na kizima moto viwe ndani, usiseme utanunua mbele.

Ukivuka Katuna kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia, na vivyo hivyo Kongo na Sudan Kusini. Pale mpakani kila mtu yuko macho. Jihadhari na asubuhi ya pili, umeshakunywa chai, barabara nyeupe, unatoka kituo cha mafuta na mikono inakupeleka kushoto kwa mazoea. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Rwanda ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Usipange kuwa barabarani kabla ya saa tano asubuhi. Na kaveera acha nyumbani: Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019.

Sasa mavazi. Kandambili na lugabire, zile sandali za tairi, ni za kushukia, si za kukanyagia breki. Funga viatu.

Nguo za mabaka ya jeshi usivae kabisa. Mpwa wangu alitoka Bungoma kuja kunisaidia kama utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, na suruali ya mabaka aliyoinunua kwenye mitumba. Niliiona. Nilimwambia abadilishe, akanijibu, "Mjomba, ni suruali tu, kwetu kila mtu anavaa." Nilikuwa na haraka ya mzigo wa chumvi, nikanyamaza. Mpakani hakuna aliyesema kitu. Tulipopita Iganga, ndani ya Uganda, tukakuta kizuizi, askari akachungulia upande wa utingo, akamwambia ashuke. Hakuuliza habari za chumvi wala karatasi. Aliishika ile suruali kwa vidole viwili pale gotini, akamwita mwenzake aje aitazame.

Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kuvaa au kumiliki mavazi ya jeshi bila idhini, na mwaka 2019 gazeti rasmi la serikali lilitaja hata bereti nyekundu kuwa ni ya jeshi. Ukisema uliinunua sokoni, swali linalofuata ni uliinunua kwa nani. Suruali ilichukuliwa kama kielelezo. Nilitoa kikoi changu cha kulalia kwenye kebini, nikamfunga kiunoni kijana wa watu, mikono yake inatetemeka hata fundo hawezi kushika. Alilala ndani usiku mmoja. Aliachiwa kesho yake jioni, baada ya mimi kurudi na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa mtaani kwangu na kumpigia simu dada yangu, simu ambayo sitaki kuipiga tena. Kwa hiyo siku hizi kabla sijawasha gari nafungua begi la utingo mwenyewe, kofia na soksi pia. Wanaoshuka Tunduma kwenda Zambia, au kupitiliza hadi Zimbabwe, wasikie pia: huko nako mabaka ni kosa.

Walio Ulaya wana yao. Ufaransa unatakiwa uwe na kizibao cha riflekta ndani ya gari, mahali unapokifikia kabla hujashuka, si kwenye buti. Na mwenye pikipiki tangu 2016 lazima avae glavu. Ujerumani tangu 2017 dereva haruhusiwi kufunika uso hadi asitambulike. Dada zangu, hijabu inayoacha uso wazi haina tatizo. Huko huko, kuishiwa mafuta kwenye barabara kuu ya kasi kunaweza kukutoza faini, kwa hiyo jaza tangi. Hispania wakikukuta na kandambili wanaweza kukuandikia kwamba huna uhuru wa kutumia miguu.

Kwenye pikipiki ya Kigali vaa helmeti unayopewa na dereva, hata kama ni hatua mbili. Usipige picha mpakani wala kwenye daraja. Askari akikusimamisha zima muziki, salimia, toa karatasi, usibishane. Na kama mbele ni nchi usiyoijua, egesha kwanza kwenye foleni ya malori, ununue chai, uwaulize madereva waliotoka huko asubuhi hiyo.