Umeme safi kwa DAC ya Raspberry Pi: itenge, usiibebeshe mzigo wa kompyuta

Mvumo mzito unaosikika wimbo ukisimama. Mlio mwembamba unaocheza kila kadi ya kumbukumbu inaposomwa. Kompyuta kujizima na kuwaka katikati ya wimbo. Lawama za yote matatu huangukia DAC, ile bodi inayogeuza tarakimu kuwa sauti, wakati mara nyingi tatizo liko kwenye umeme unaoilisha. Kila ugonjwa hapo una dawa yake, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine.

Mwongozo huu ni wa bodi za chipu ya PCM5102A au PCM5122 zinazopachikwa kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi 3 na 4 (hapa chini: Pi). Jambo la kushika mapema ni hili: Pi 4 huombewa chaja ya ampea 3, lakini bodi ya PCM5102A yenyewe haifiki miliampea 50. Wengi hujenga umeme mkubwa wa transfoma kwa ajili ya ampea zote 3, wakapata sanduku zito na la moto, huku karibu umeme wote huo uliosafishwa kwa gharama ukiliwa na prosesa isiyojali usafi. Tena Pi na DAC zikichangia waya mmoja, prosesa inauchafua upya. Safisha hizo miliampea 50 tu, na Pi ibaki na chaja yake.

Tambua kelele kabla ya kushika pasi ya kulehemu

Simamisha wimbo, kisha ongeza sauti ya amplifaya taratibu mpaka kelele isikike. Mvumo mzito wa herzi 50 hutokana na mzunguko wa GND (waya wa pamoja ambao umeme hurudia) kati ya vifaa viwili, au transfoma iliyo karibu mno. Ukiwa mkali kidogo, wa herzi 100, ni umeme uliotoka kwenye dayodi bila kuchujwa vya kutosha. Milio inayobadilika-badilika ni kazi ya kompyuta yenyewe. Kuithibitisha, ingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine kwa SSH, andika find / na usikilize. Kelele ikibadilika maandishi yanapokimbia kwenye skrini, umempata mhalifu.

Halafu fanya jaribio la pawabenki. Chomoa chaja, chomoa HDMI, chomoa waya wa mtandao na utumie WiFi, kisha washa Pi kwa pawabenki. Kelele ikiisha, chanzo ni chaja au mzunguko wa GND. Rudisha kimoja kimoja mpaka irejee. Kelele ikibaki vilevile, inatoka ndani ya Pi, na dawa yake ni kuitenga DAC kama ilivyoelezwa chini. Mvumo ukirudi pale tu unapochomeka HDMI ya televisheni, usinunue regyuleta (kifaa cha kutuliza volti) yoyote: huo ni mzunguko wa GND. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Usipokwisha, weka transfoma ndogo ya sauti ya 1:1, omu 600 kwa 600, kati ya DAC na amplifaya, moja kwa kila upande wa stirio. Kamwe usikate waya wa athi wa amplifaya ili kuondoa mvumo. Waya huo upo kwa ajili ya uhai wa mtu.

Waya wa chaja

Nyaya nyingi za USB zina nyuzi za umeme za saizi 28 AWG (namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba), ambazo zina takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja ni omu 0.42. Pi ikivuta ampea 1, volti 0.42 zinapotelea njiani. Chaja ya volti 5.1 inafikisha 4.68, nywele tu juu ya 4.63 ambapo Pi 3 na 4 hutoa onyo la umeme mdogo. Prosesa ikishtuka na kuvuta zaidi, unavuka mstari huo na muziki unakatika. Waya wa 20 AWG wa urefu uleule hupoteza kama 0.07 tu.

Pima kati ya pini 4 na pini 6 za Pi wakati muziki unacheza. Kupima kwenye chaja hakukuambii kinachofika. Unataka kati ya 4.9 na 5.2. Kisha andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu 0x0 ni safi. 0x50000 maana yake umeme ulishapungua tangu Pi iwashwe na prosesa ikapunguzwa kasi. 0x50005 maana yake linatokea sasa hivi. Ukiona lolote kati ya haya mawili, tatua waya na chaja kwanza. Hakuna hatua nyingine itakayokusaidia Pi ikiwa na njaa.

Rezista moja na kapasita moja

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko bei yake, na inashangaza wangapi huiruka. Bodi ya PCM5102A hupokea volti 5 na kuzishusha kuwa 3.3 kwa regyuleta zake ndogo. Regyuleta hizo huzuia vizuri kelele za chini, lakini kuanzia mamia ya kiloherzi na kuendelea, ambako ndiko chaja na prosesa hupigia kelele zaidi, uwezo wao hudhoofu. Kwa hiyo zisaidie kwa kichujio mbele yao.

Kata waya unaopeleka 5V kwenye VIN ya DAC, yaani pini yake ya kuingizia umeme. Hapo weka rezista ya omu 4.7, robo wati. Upande wa DAC, kati ya VIN na GND, weka kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 10 au 16, ya aina ya ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, pamoja na ya seramiki ya nanofaradi 100 sambamba nayo. Kichujio hiki huanza kufanya kazi karibu na herzi 34. Kama ESR ya kapasita ni omu 0.05, kelele za juu hupungua takriban mara 90. Kwa miliampea 40 rezista inakula volti 0.19 tu.

Wanaoharibu hapa huharibu kwa njia tatu. Wa kwanza huweka omu 47 wakidhani zaidi ni bora: kwa miliampea 40 volti 1.9 zinapotea, inabaki 3.1, na regyuleta ya 3.3 haiwezi kutoa kisichoingia. Wa pili huweka rezista upande wa GND, hivyo GND ya DAC inaelea juu ya ile ya Pi na kelele inaongezeka. Wa tatu huacha miguu ya kapasita mirefu. Iwe chini ya sentimita 2, karibu kabisa na VIN. Na usijaribu jambo hili kwenye bodi yenye amplifaya ya spika juu yake, maana hiyo huvuta ampea nzima.

Sikiliza kwa siku mbili tatu kabla ya kuendelea. Wengi huishia hapa, na wanafanya sawa.

Umeme wa pekee kwa LM317

Kama milio bado ipo, au unataka DAC isiguse kabisa 5V ya Pi, jenga umeme mdogo wa transfoma unaotulizwa na regyuleta ya LM317. Vifaa vyote hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue, na transfoma nzuri mara nyingi imo ndani ya redio mbovu.

Transfoma: 230V kwa 9V, VA 3 hadi 5.
Fyuzi ya miliampea 100, ya kuchelewa kukatika, upande wa 230V.
Dayodi nne 1N5819, za kugeuza AC kuwa DC.
Kapasita ya maikrofaradi 2200, volti 25, baada ya dayodi hizo.
LM317T, rezista ya omu 220 na ya omu 680.
Kapasita mbili za maikrofaradi 10 za volti 25, moja ya 100, na mbili za seramiki za nanofaradi 100.
Dayodi mbili 1N4002.

Kwa nini 9V, wala si 6? LM317 inataka umeme unaoingia uzidi unaotoka kwa karibu volti 2, yaani usishuke chini ya 7.2. Transfoma ya 6V ikitoka kwenye dayodi hutoa kama 7.7, ukitoa mawimbi ya nusu volti umefika ukingoni hata siku umeme wa mtaa ukiwa mzuri. Ya 9V hutoa kama 12, na umeme wa nyumbani ukishuka hadi volti 190 jioni wakati kila mtu anapika, bado zinabaki karibu 9.5. Bila mzigo, transfoma ndogo hupanda sana, hata 15 zinaweza kuonekana kwenye kapasita, ndiyo maana kapasita ni ya volti 25 na si 16.

Panga LM317 maandishi yakikutazama: kushoto ADJ, katikati OUT, kulia IN. Bati la mgongoni limeungana na OUT, kwa hiyo lisiguse sanduku la chuma. Omu 220 inakwenda kati ya OUT na ADJ, omu 680 kati ya ADJ na GND. Hesabu ni 1.25 × (1 + 680/220), pamoja na kiasi kidogo kinachotoka kwenye ADJ, jumla karibu 5.15. Kapasita moja ya 10 iwekwe kati ya ADJ na GND. Hiyo ndiyo inayopandisha uzuiaji wa mawimbi ya herzi 100 kutoka desibeli 64 hivi hadi 80. Ya pili ikae kwenye IN na ile ya 100 kwenye OUT, kila moja na seramiki yake. Dayodi ya ulinzi ya kwanza huangalia kutoka OUT kwenda IN, ya pili kutoka ADJ kwenda OUT, mstari wa kathodi ukiwa mwisho wa safari.

Upande wa 230V usifanyiwe mzaha. Kila kiungo kivikwe mpira, sanduku liwe la plastiki lililofungwa, na ndani kusiguswe plagi ikiwa ukutani. Transfoma ikae angalau sentimita 15 kutoka DAC. Ikisogea karibu, sumaku yake inaleta uleule mvumo wa herzi 50 uliokuwa unaukimbia.

Kabla ya kuunganisha DAC, weka rezista ya omu 100, nusu wati, kwenye toleo (kati ya OUT na GND). Upate kati ya 5.0 na 5.3. Badili mita iwe kwenye AC milivolti: isome sifuri au milivolti chache. Elewa tu kwamba mita za bei ndogo hazioni zaidi ya mamia machache ya herzi, kwa hiyo kipimo hicho ni cha mvumo pekee, hakisemi lolote kuhusu kelele za juu.

Je, regyuleta ya LT3045 inayosifiwa sana? LM317 ina kelele kama maikrovolti 150 ikitoa volti 5. LT3045 ina 0.8. Tofauti ni kubwa kwelikweli. Lakini mbele ya DAC yenye regyuleta zake za 3.3, LM317 inatosha. LT3045 inastahili pale unapolisha moja kwa moja 3.3V ya analogi au saa ya kristali.

Kuunganisha na mpangilio wa kuwasha

Kwenye bodi inayokaa juu ya pini 40, tumia soketi ya kati yenye pini ndefu na uondoe pini 2 na 4 tu. Pini 1 iache, kwani bodi nyingine huchukua 3.3V ya mantiki hapo. Pima kwa mlio wa mita: VIN ya DAC na pini 2 ya Pi zisilie. Zikilia, umeunganisha 5V mbili kichwa kwa kichwa, na yenye volti nyingi itailisha nyingine.

Kwa bodi za waya, BCK iende pini 12, LCK pini 35, DIN pini 40, na GND pini 39. SCK ifungwe kwenye GND ya DAC ili chipu itengeneze saa yake. Nyaya zisizidi sentimita 10, na kila moja kati ya zile tatu za ishara iwe na rezista ya omu 47 upande wa Pi. GND haitenganishwi, bila hiyo ishara hazina pa kurudia.

Washa DAC kwanza, kisha Pi. Zima Pi kwanza, kisha DAC. Pi ikiwaka huku DAC ikiwa haina umeme, ishara za 3.3V zinapenya kwenye chipu kupitia dayodi zake za ndani, na zile omu 47 ndizo zinazopunguza madhara ukisahau. Kwa PCM5122 kuna sababu nyingine: Pi huitafuta kwa I2C (nyaya za mawasiliano kati ya chipu) inapowaka, na isipoikuta, kadi ya sauti haionekani kabisa mpaka uwashe upya.

Ukitumia betri au sola

Betri mbili za lithiamu za 18650 kwa mfululizo hutoa kati ya 6.0 na 8.4. LM317 itashindwa zikifika 7.2, hivyo tumia regyuleta inayoridhika na tofauti ndogo, kama LM2940 ya volti 5 yenye maikrofaradi 22 au zaidi kwenye toleo. Betri za miliampea-saa 2500 zinalisha DAC siku mbili hivi. Weka bodi ya ulinzi inayokata betri zisipitilize kuisha.

Kwenye sola ya volti 12, kibadilishi cha kushusha volti kilishe Pi, na LM317 ilishe DAC moja kwa moja kutoka betri, ambapo itapokea hadi 14.4 betri ikichajiwa bila shida. Kila kimoja kiwe na jozi yake ya nyaya na fyuzi yake kutoka kwenye nguzo za betri, na kibadilishi kipate kapasita ya maikrofaradi 470 mlangoni. Amplifaya ikiwa kwenye betri ileile, waya wake hasi nao ufike kwenye nguzo ya betri, mnene na mfupi. Ukiwa mwembamba, sehemu ya umeme wa amplifaya itarudi kupitia waya wa sauti. Mlio ukisikika jua likiwa kali na kutoweka usiku, unatoka kwenye kidhibiti cha chaji: sogeza nyaya za sauti mbali nacho, na usipitishe hasi ya DAC kwenye vituo vyake.