Kuwafundisha vijana ubaguzi wa mshahara: anza na karanga, malizia na slipu

Mwaka juzi binti niliyewahi kumfundisha alinipigia saa tatu usiku, analia. Yeye na kijana mwenzake waliajiriwa siku moja, wote makarani wa stoo. Kijana akipokea shilingi 516,000 kwa mwezi, yeye 426,000. Nilipandwa na hasira, usiku uleule nikamwandikia mwajiri barua kali. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe liko hatua ya 4. Ukiwa na haraka, ruka zote usome hiyo.

Beba karanga nusu kilo, bahasha za kaki, magazeti ya zamani, bango kitita na kalamu nene. Projekta iache nyumbani. Taa zikizimwa tu, vijana wanasinzia.

Hatua ya 1: Mchezo wa karanga

Kila mmoja akunje mifuko mitano ya gazeti, ile ya kuuzia bisi. Kisha wewe, kama mwajiri, uwalipe kwa bahasha zilizofungwa: waliokaa dirishani karanga kumi, waliokaa mlangoni saba. Waambie malipo ni siri ya kila mtu, halafu nyamaza. Haitapita dakika tano kabla mmoja hajachungulia bahasha ya jirani.

Usiwagawe wavulana na wasichana. Nililijaribu hilo mara moja. Wavulana wakajiona wanashtakiwa, darasa likaishia kwenye mabishano ya mahari.

Kelele zikitulia, waulize waliokutetea wewe mwajiri walisema nini. Wapo kila mara: "Labda wa dirishani wamekunja vizuri", "labda wamekuzoea". Andika kila utetezi kwenye bango.

Hatua ya 2: Sheria

Dakika kumi zinatosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira, na mshahara umo. Soma kwa sauti orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, ikiwemo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kabila, dini, VVU, umri. Wakazie jambo moja: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo.

Hatua ya 3: Kazi yenye thamani sawa

Hapa wengi hukwama, kwa kuwa wanatafuta kazi zinazofanana jina. Mimi huwapa kisa cha kiwanda cha Ford kule Dagenham, Uingereza, mwaka 1968. Wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari walipangwa daraja la wenye ujuzi mdogo, wakagoma. Bila viti, magari hayatoki. Miaka miwili baadaye Uingereza ikatunga sheria ya malipo sawa, ila wale washonaji hawakupandishwa daraja hadi 1984, baada ya mgomo mwingine. Kisha uliza: fundi cherehani na fundi wa kuchomelea, nani ana ujuzi zaidi? Waache wabishane.

Hatua ya 4: Kusoma slipu ya mshahara

Turudi kwa yule binti. Siku mbili baada ya barua yangu, kijana mwenyewe alikubali kutuonyesha slipu yake. Tukaziweka mbili mezani, tukashuka mstari kwa mstari:

Mshahara wa msingi: 600,000 wote.
NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10: 60,000 wote.
Kodi ya mapato: 24,000 wote.
Bodi ya mikopo, asilimia 15 ya msingi: binti 90,000, kijana hakuna. Yeye alisomeshwa na mjomba wake.

Tofauti yote ilikuwa deni la chuo. Nilirudi kwa mwajiri kuomba radhi, na nilikaa kwenye benchi la mapokezi saa nzima kabla ya kuitwa.

Kwa hiyo usilinganishe kamwe kinachoingia benki. Linganisha msingi kwa msingi kwanza, ndipo ushuke kwenye posho. Zamu ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya msingi, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Asiyepangiwa zamu hizo wala saa za ziada hawezi kupata hela hiyo. Angalia pia makato ya chama cha wafanyakazi na mkopo wa saccos. Lakini usiishie kwenye "kumbe ni makato" ukafunga daftari. Uliza nani anapangiwa hizo zamu zenye posho. Kama mabinti hawapangwi kamwe eti "wana watoto", msingi unaweza kuwa sawa na ubaguzi ukawepo palepale.

Asiye na slipu kabisa, kazi yake ya kwanza ni kuidai. Mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi maelezo ya malipo yake kwa maandishi.

Sasa rudini kwenye bango la hatua ya 1, mpitie kila utetezi: upi unaonekana kwenye karatasi, upi ni maneno matupu?

Hatua ya 5: Kuuliza

Wawili wawili, mmoja awe bosi. Sentensi ninayoipenda ni hii: "Naomba kufahamu ngazi ya mshahara ya nafasi yangu inapangwaje." Anayeanza na "mbona fulani ananizidi" keshamchoma mwenzake aliyemwonyesha slipu.

Hatua ya 6: Ikishindikana

Chama cha wafanyakazi kama kipo, au afisa kazi. Mgogoro ukipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni ndani ya siku 60, na kwa aliyeachishwa kazi siku 30 tu. Wengi huchelewa wakisubiri bosi arudi safari. Waambie wapige picha slipu zao kila mwezi na wazihifadhi nje ya simu ya ofisi.

Na karanga zifiche hadi mifuko iishe kukunjwa. Mara ya kwanza niliziacha mezani, nikabaki na kumi na moja za kuwalipa watu kumi na wawili.