Namna ya Kuipima Filamu ya Katuni Iliyopuuzwa: Mfano wa Treasure Planet

Anayetaka kuipima kwa haki filamu ya katuni iliyoanguka sokoni aanze kwa kuweka kando habari za mapato yake. Treasure Planet, filamu ya kijana Jim anayesafiri angani kwa merikebu kutafuta hazina, iliyotolewa na Disney mwaka 2002 na kuongozwa na Ron Clements na John Musker, iligharimu takriban dola milioni 140 za Marekani na haikurudisha hata kiasi hicho katika majumba ya sinema, ingawa iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Hesabu hiyo inawahusu waliotoa fedha; haisemi lolote kuhusu hadithi yenyewe.

Kisha itazame pamoja na watu wasioielewa lugha yake. Niliitazama nyumbani Kisasa, hapa Dodoma, pamoja na watoto wa dada yangu, nami nikakataa kuwatafsiria, bali nikawa naandika dakika ambazo walinyamaza wenyewe. Walinyamaza zaidi pale Silver, mpishi wa merikebu, anapomfundisha kazi kijana Jim, huku picha za baba aliyemtelekeza zikipishana na za mlezi huyu mpya. Sehemu hiyo inabebwa na wimbo, si mazungumzo, lakini mdogo wao aliniuliza, "Mjomba, huyu ndiye baba yake sasa?" Picha zilikuwa zimemfikishia kiini cha filamu nzima, na huo ni ubora usiohitaji utetezi wangu.

Baada ya hapo, mfuate mhusika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ni Silver, ambaye mwili wake ulichorwa kwa mkono ilhali mkono wake wa mitambo uliundwa kwa kompyuta. Mkono huohuo unaokatakata vyakula jikoni ndio unaogeuka silaha, kwa hiyo mtazamaji anaiona hali yake ya kuwa mlezi na haramia kwa wakati mmoja kabla hajaambiwa.

Ukifika kwenye kasoro, usiseme tu kwamba filamu imepwaya. Taja mahali inapoanza kupwaya. Inaanza anapoingia B.E.N., roboti aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kelele zake zinafunika mvutano kati ya Jim na Silver wakati ambapo mvutano huo ulihitaji utulivu. Watoto walicheka, nami nililiandika hilo pia, kwa kuwa ni ushahidi. Scroop, mmoja wa mabaharia wa merikebu hiyo, naye ni mwovu asiye na chanzo, na mapenzi ya nahodha na daktari yamekamilishwa haraka mno.

Usihesabu kuwa kasoro jambo ambalo hadithi imelifanya sheria yake. Merikebu za matanga zinazopita angani, na watu wanaopumua sitahani, ni kanuni iliyowekwa mapema.

Mwisho, jiulize kama kasoro ikiondolewa hadithi itasimama. Bila B.E.N., kinachopungua ni kumbukumbu ya mtego wa hazina, ambayo ingeweza kufichuliwa kwa njia nyingine. Lakini uondoe uhusiano ule wa ukaidi na huruma kati ya Jim na Silver, na tukio la Silver kuiachia mashua iliyojaa dhahabu ili amdake Jim asianguke halitakuwa na maana yoyote. Katika tukio hilo, watoto wale walinyamaza kwa mara ya pili.